Umbali Kati ya Sindano na Boksi Lake

Saa tisa usiku, katika wodi ya dharura ya hospitali yoyote kubwa ya Dar es Salaam, muuguzi amefanikiwa kumtundikia dripu mgonjwa aliyeletwa na homa kali huku akiweweseka. Kanula, yaani mrija mwembamba wa kupitishia dripu, imeingia kwenye mshipa, damu imerudi kama inavyotakiwa, na sindano ya ndani imechomolewa. Kwa sekunde chache muuguzi huyo ana kazi tatu na mikono miwili: kanula ambayo lazima ibanwe isichomoke, plasta ambayo bado haijabanduliwa, na sindano yenye damu mbichi ya mtu ambaye hakuna anayejua hali yake. Boksi la kutupia vitu vyenye ncha kali liko juu ya meza ya dawa, hatua kumi na mbili kutoka kitandani. Muuguzi anailaza sindano juu ya godoro ili afunge plasta kwanza, mgonjwa anajigeuza ghafla, na sindano inatoboa glavu na kuingia kwenye kidole cha shahada.

Asubuhi, iwapo tukio hilo litatajwa kabisa, litaelezwa kwa maneno mawili au matatu: hakuwa makini. Ni maelezo mepesi, na ninaamini ndiyo yanayochelewesha kinga ya wahudumu wa afya kuliko uhaba wa vifaa wenyewe, kwa kuwa umakini wa mtu aliyekesha una mwisho, ilhali hatua kumi na mbili zingeweza kuwa moja kama mtu angelisogeza boksi mchana, kabla zamu haijaanza. Ili kuelewa kwa nini nasema hivyo, inabidi kwanza kutenganisha mambo ambayo huchanganywa pamoja kila inapozungumzwa hatari ya damu na majimaji ya mwilini.

Damu kuwa mbele yako si sawa na damu kukufikia

Ngozi nzima, isiyo na mkwaruzo wala ukurutu, ni ukuta imara. Damu ya mgonjwa iliyodondokea mkononi na kuoshwa mara moja kwa kawaida haimdhuru mtu. Hatari huanza pale damu au majimaji yanapopata mlango, na milango hiyo ni mitatu: ngozi iliyotobolewa au kukatwa na kitu chenye ncha kali, utando laini wa macho, pua na mdomo, na ngozi ambayo tayari ina jeraha, hata kama ni ufa mdogo pembeni mwa ukucha ambao mwenyewe hakuuona. Mlango wa kwanza ndio mpana kuliko yote. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya milioni 35 waliokuwapo duniani, takriban milioni 3 huchomwa au kukatwa na vifaa vyenye damu kila mwaka.

Majimaji nayo hayalingani. Kwa virusi vya UKIMWI na vile vya homa ya ini, yanayohesabiwa kuwa ya hatari ni damu, shahawa, ute wa ukeni, maji ya uti wa mgongo, majimaji yanayozunguka mapafu, moyo, tumbo na viungo, pamoja na maji ya chupa ya uzazi. Jasho, machozi, mate, mkojo, matapishi na kinyesi havihesabiwi hivyo isipokuwa vikiwa vimechanganyika na damu. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini imewahi kuwapotosha wengi kwa sababu husomwa kana kwamba inahusu magonjwa yote. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulikuwa ugonjwa wa kinyesi na matapishi, yale yale ambayo kwa upande wa VVU huhesabiwa kuwa salama. Virusi vya Marburg, vilivyozuka mkoani Kagera mwezi Machi 2023 na kuua watu sita, akiwamo mhudumu wa afya, husafiri ndani ya karibu kila majimaji ya mgonjwa, kuanzia damu hadi jasho. Kagera iko mbali na Dar es Salaam kwa ramani, lakini basi likiondoka Bukoba leo, abiria wake hushuka kituo cha mabasi cha Magufuli, jijini, kesho.

Kwa hiyo swali la "majimaji gani ni hatari" haliwezi kujibiwa na mhudumu aliyesimama mlangoni mwa wodi akimpokea mgonjwa ambaye hajapimwa chochote. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kazi haumtaki alijibu. Humtaka ayachukulie majimaji yote ya kila mgonjwa kuwa yanaweza kuambukiza, kisha kinga ipimwe kwa kazi anayokwenda kuifanya. Nitalirudia hilo baadaye, kwa kuwa ndilo linalokiukwa zaidi, na hukiukwa kwa nia njema.

Virusi vitatu na hofu isiyolingana navyo

Mtu aliyejichoma sindano huwaza UKIMWI kabla ya jambo jingine lolote, na hakuna wa kumlaumu, maana kizazi kizima cha wauguzi wa Tanzania kilifanya kazi katika wodi ambazo ugonjwa huo ulikuwa haujapata dawa. Hata hivyo, tarakimu zinapanga hatari kwa utaratibu tofauti. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU humwambukiza takriban mtu mmoja kati ya 300 wanaochomwa. Damu hiyo ikirukia jichoni au mdomoni, uwezekano hushuka hadi karibu mmoja kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina C, makadirio ya zamani yalikuwa karibu watu wawili kati ya 100, na tafiti za karibuni zimeonyesha idadi ndogo zaidi. Kwa homa ya ini aina B, mhudumu asiyekuwa na kinga anakabiliwa na uwezekano wa kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa.

Virusi vya homa ya ini aina B vina tabia nyingine inayostahili kuogopwa. Vinaweza kubaki hai juu ya meza, mkasi au kitasa kwa siku saba au zaidi, ndani ya doa la damu iliyokauka ambalo hakuna anayelikumbuka. Ndiyo maana wapo walioambukizwa bila kukumbuka kuchomwa na chochote. Ugonjwa wenyewe hunyamaza kwa miaka, na anayeubeba huweza kuugundua siku ini lilipokwisha kuharibika au saratani ilipokwisha kuota.

Lakini kati ya virusi hivi vitatu, ni hicho chenye kasi zaidi ndicho peke yake chenye chanjo. Dozi tatu, ya kwanza siku ya kuanza, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu katika mwezi wa sita, humpa mtu mzima mwenye afya njema kinga inayodumu miaka mingi, na kipimo cha damu mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho huonyesha kama mwili umeitika. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina B katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wauguzi, wakunga, mafundi maabara na wafanyausafi wengi waliomo kazini leo walizaliwa kabla ya hapo, na kinga yao haikutoka utotoni. Lazima waitafute, au mwajiri awatafutie. Dozi ya kwanza peke yake haitoshi, na hapo ndipo wengi hupotelea: anachanjwa siku ya kampeni, anahamishiwa kituo kingine kabla ya mwezi wa sita, na kadi inabaki kwenye droo. Mwanafunzi wa uuguzi au udaktari anapaswa kuwa amekamilisha dozi zote kabla ya siku yake ya kwanza wodini, kwa sababu mwanafunzi ndiye mwenye mkono mgeni kuliko wote.

Homa ya ini aina C haina chanjo, ila sasa ina vidonge vinavyoiponya kwa zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, mradi igundulike. Kugundulika huko kunategemea mtu kurudi kupimwa.

Faili lenye alama

Katika miaka ya 1980, ugonjwa mpya ulipoanza kuwatia hofu wahudumu wa afya duniani, desturi iliyozuka haraka ilikuwa kuwatenga wagonjwa kwa alama: karatasi yenye rangi juu ya faili, herufi fulani kwenye ubao wa kitanda, minong'ono wakati wa kupokezana zamu. Mantiki yake ilionekana safi. Ukimjua mwenye virusi utajikinga kwake, na kwa wengine utafanya kazi kwa uhuru.

Mantiki hiyo huanguka pale tunapouliza ni nani asiyejulikana. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaoishi na VVU Tanzania, karibu 83 kwa kila 100 walijua hali yao, na kati ya waliojua karibu wote walikuwa kwenye dawa, wengi wao wakiwa na virusi vilivyofubazwa. Mgonjwa anayesema wazi kwamba anatumia dawa, yule ambaye muuguzi mwoga humvalia glavu mbili huku wengine wakihudumiwa kwa mikono mitupu, mara nyingi ndiye mwenye virusi vichache sana katika damu. Wale 17 waliobaki hawana alama yoyote. Wanaingia wakiwa na malaria, na kidonda, na mimba ya kwanza, na damu yao ina virusi vingi kwa kuwa havijawahi kuguswa na dawa.

Mwaka 1985, nchini Marekani, ndipo ulipotolewa mwongozo wa kuihesabu damu ya kila mtu kuwa ya hatari, na tangu mwaka 1996 mwongozo huo umepanuliwa kuhusisha takriban majimaji yote ya mwilini. Ndio uliosambaa ulimwenguni na ndio unaofundishwa katika vyuo vyetu. Namna ya kuuelewa ni hii: glavu huchaguliwa kwa kutazama kazi, bila kumtazama mtu. Kuchukua damu kunahitaji glavu, awe ni sheikh, mtoto, au mwenzako wa kazini. Kupima mapigo ya moyo hakuhitaji. Anayefanya hivyo kwa usawa humlinda mgonjwa na aibu na hujilinda mwenyewe na kubahatisha, yote kwa tendo moja.

Glavu ndiyo ngao ya mwisho

Kinga ina ngazi, na ngazi hizo huanzia mahali ambapo wengi hawapatazamii. Ya kwanza ni kutokuwapo kwa sindano. Sindano ambayo haikuchomwa haiwezi kumchoma mhudumu. Sisi ni watu tunaoipenda sindano. Wapo wagonjwa wanaotoka zahanati wakilalamika kwamba hawakutibiwa kwa kuwa wamepewa vidonge tu, na wapo watoa huduma wanaowaridhisha. Tanzania ilipoamua mwaka 2006 kutumia vidonge vya ALu kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, ilifanya hivyo kwa sababu za usugu wa vimelea, lakini kila kidonge kilichochukua nafasi ya sindano kiliondoa pia ncha moja kutoka mikononi mwa muuguzi. Kuuliza "je, dawa hii haipo ya kunywa?" ni swali la usalama kazini.

Ngazi ya pili ni kifaa kisichomdhuru mtu hata akiwa amechoka. Zipo sindano ambazo ncha yake hurudi ndani au hufunikwa na ala yake mara baada ya kutumika, na kanula ambazo sindano yake hujifunika inapochomolewa. Marekani iliwabana waajiri kwa sheria ya mwaka 2000 wazingatie vifaa vya namna hiyo, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mataifa yote yaelekee huko kwa sindano za tiba. Mabomba ya chanjo yanayojifunga baada ya dozi moja, tunayoyaona kliniki za watoto, huzuia kutumika mara ya pili, lakini mengi kati yake hayafuniki ncha. Si vizuri kuyahesabu kana kwamba yanamkinga mchomaji. Vifaa vyenye kujifunika ni ghali zaidi kwa kipande. Gharama hiyo ingepaswa kulinganishwa na mwezi wa dawa, vipimo vya miezi sita na ini la mtu, badala ya kulinganishwa na bei ya sindano ya kawaida.

Ngazi ya tatu ni mpangilio wa kazi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa hapahitaji mkopo wala mfadhili. Boksi la kutupia sindano liwe pale sindano inapotumika, usawa wa mkono, likionekana mdomo wake, na liende na mhudumu kwenye toroli badala ya kusubiriwa mezani. Lifungwe likijaa robo tatu, maana sehemu kubwa ya balaa hutokea pale mtu anaposhindilia sindano ya mwisho katika boksi ambalo zile za chini zimesimama kama miiba ya nungunungu. Kifuniko kisirudishwe juu ya sindano iliyotumika kwa kukishika kwa mkono wa pili. Kama hakuna budi, kifuniko kilazwe juu ya sehemu tambarare na kichotwe kwa ncha, mkono mmoja ukiwa nyuma. Aliyetumia sindano ndiye aitupe, kwa sababu kila mkono wa ziada inaopitia ni nafasi nyingine ya kuchoma. Mgonjwa anayeweweseka apate mtu wa kumshika kabla kifungashio cha sindano hakijafunguliwa, na usiku mtu huyo awepo. Jambo hili la mwisho ni suala la idadi ya watumishi kwenye zamu. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima hawezi kuwa mkono wa kuchoma na mkono wa kushika kwa wakati mmoja, hata angepewa semina ngapi.

Ndipo tunafika kwenye glavu, barakoa, miwani, aproni na mabuti, vitu ambavyo picha za magazeti huvionyesha kana kwamba ndivyo kinga yenyewe. Glavu haizuii sindano. Kazi yake ni kuzuia damu isifike kwenye ufa wa ngozi, na hata sindano ikiipenya, mpira huifuta sehemu ya damu iliyo nje ya ncha, mara nyingi nusu yake au zaidi, kabla haijaingia mwilini. Sindano ya kushonea, ambayo haina tundu, hufutwa vizuri kuliko sindano yenye tundu, kwa sababu ya pili hubeba damu yake ndani. Katika chumba cha upasuaji kuvaa jozi mbili hupunguza kwa kiasi kikubwa matobo yanayofika kwenye glavu ya ndani, na kisu kinachowekwa kwenye sahani katikati ili mwingine akichukue, badala ya kupokezanwa mkono kwa mkono, huondoa dakika ya hatari kabisa. Funzo la kisu lina umri mrefu. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Jakob Kolletschka alikatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa uchunguzi wa maiti, akafa. Rafiki yake Ignaz Semmelweis aliposoma maelezo ya kifo hicho aligundua kwamba ugonjwa uliomuua ulifanana na ule uliokuwa ukiwaua wazazi katika wodi yake, na kutoka hapo akaamuru madaktari waoshe mikono kwa maji yenye klorini. Usalama wa mhudumu na usalama wa mama aliyejifungua vilizaliwa siku moja.

Chumba cha kujifungulia ndicho kinachodai vazi kamili kuliko sehemu nyingine yoyote ya hospitali za jiji hili, ukiacha wodi za kutengea wagonjwa wakati wa milipuko. Chupa inapopasuka, maji hayatoi taarifa. Hurukia usoni mwa mkunga aliyeinama. Kondo la nyuma linapokwama na kulazimu litolewe kwa mkono, glavu ya kawaida inayoishia kwenye kifundo haina maana yoyote, kwani damu huingia kwa juu, na inahitajika ile ndefu inayofika kwenye kiwiko. Miwani ya kinga hufunikwa na ukungu kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi ambapo feni husukuma tu hewa ya moto kutoka pembe moja hadi nyingine, na mkunga huivua ili aone anachoshona. Anayeivua hajapuuza. Amechagua kumwona mama. Ngao ya uso iliyo wazi chini hupitisha hewa vizuri zaidi kuliko miwani iliyobana, na anayeagiza vifaa kutoka Bohari ya Dawa angefanya vyema kumuuliza anayevivaa kabla ya kujaza fomu.

Wahudumu 881 waliambukizwa Ebola nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone kufikia Novemba 2015, na 513 kati yao walikufa. Katika magonjwa ya namna hiyo hatari kubwa hukaa katika kuvua vazi, wakati mtu amechoka, ametota jasho, na anadhani kazi imekwisha. Ndiyo maana kuvua hufanywa hatua kwa hatua mbele ya mwenzake anayemtazama na kumsomea.

Saa mbili za kwanza

Turudi kwa muuguzi wetu. Damu inamtoka kidoleni. Jambo analolifanya kwa kufuata alichowaona wakubwa wake wakikifanya ni kukikamua kidole kwa nguvu, kisha kukitumbukiza kwenye spiriti au jiki. Yote mawili hayasaidii. Kukamua huumiza nyama na hakuna ushahidi kwamba hutoa virusi. Dawa kali huunguza ngozi na kuupanua mlango ule ule tunaotaka kuufunga. Kinachotakiwa ni maji yanayotiririka na sabuni. Kama damu imeingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi au maji ya chumvi ya dripu kwa dakika kama kumi na tano, lensi ikitolewa iwapo anavaa.

Baada ya hapo muda ndio dawa. VVU vikishaingia mwilini hukaa kwanza karibu na mahali vilipoingilia, vikichukua saa nyingi hadi siku mbili tatu kufika kwenye matezi na kusambaa. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, ambazo wahudumu wenyewe huziita PEP, hufanya kazi katika dirisha hilo. Zinatakiwa zianze mapema kadiri iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili, na baada ya saa 72 hazianzishwi tena kwa kuwa dirisha limefungwa. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka, na mchanganyiko unaotumika sasa ni tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, ambao ulilinganisha wahudumu walioambukizwa na wasioambukizwa baada ya kuchomwa, ulionyesha kwamba waliotumia dawa, tena ile ya zamani iliyokuwa moja tu, walipunguza uwezekano wa kuambukizwa kwa takriban asilimia 81. Utafiti huo huo ulitaja yanayoongeza hatari: jeraha la kina, damu iliyoonekana kwenye kifaa, sindano iliyotoka moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, na mgonjwa aliyekuwa katika hatua za mwisho.

Kwa hiyo dozi ya kwanza isisubiri majibu ya maabara. Itolewe, kisha mgonjwa aombwe kwa heshima apimwe, na ikibainika hana virusi dawa zinaweza kusitishwa. Mhudumu mwenyewe hupimwa VVU na homa za ini siku hiyo hiyo. Kipimo cha homa ya ini aina B kina sababu ambayo haielezwi vya kutosha: tenofoviri na lamivudini huzuia pia virusi hivyo, na mtu anayevibeba bila kujua ini lake linaweza kuvimba ghafla siku atakapoziacha. Asiyekuwa na kinga huanza chanjo siku hiyo, na kama mgonjwa ana virusi vya aina B, sindano ya kingamwili maalumu huongezwa, vyema ndani ya saa 24, pale inapopatikana. Katika kipindi cha kusubiri vipimo vya marudio, ambavyo hufanywa wiki ya sita, mwezi wa tatu, na kwa homa ya ini hadi mwezi wa sita, anatumia kondomu na hachangii damu.

Yote hayo yanategemea aseme. Na hapa muuguzi wetu anasita. Anayetoa dawa ni mwenzake wa kliniki ya jirani, anayepima damu ni fundi wanayekula naye mchana, kitabu cha kuandikia matukio kiko kwenye meza ya msimamizi ambaye swali lake la kwanza litakuwa "ulikuwa unafanya nini?" Nyumbani mume atauliza vidonge ni vya nini. Kwa siku ya kwanza anajiambia kwamba mgonjwa yule alionekana mzima. Siku ya pili ana mapumziko. Siku ya tatu saa 72 zimekwisha. Kituo kinachotaka watu wake waseme huwa na dozi za kuanzia ndani ya kabati la zamu ya usiku, mtu mmoja aliyefunzwa kutunza siri anayejulikana kwa jina na namba yake ya simu ukutani, na msimamizi ambaye swali lake la kwanza ni "umeshameza?"

Kuandikisha kuna faida nyingine ambayo huonekana miaka mingi baadaye. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri wajibu wa kumkinga mfanyakazi, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouzaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 na unaochangiwa na waajiri wa umma na wa binafsi bila mfanyakazi kukatwa shilingi. Ugonjwa uliotokana na kazi hufidiwa, lakini lazima ionekane kwamba umetokana na kazi. Kipimo cha siku ya tukio kinachoonyesha kwamba mhudumu hakuwa na virusi, pamoja na mstari mmoja katika kitabu wenye tarehe na saa, ndio ushahidi wenyewe. Asiyeandikisha amejinyima dawa leo na haki kesho.

Wanaokuja baada ya sindano

Saa kumi na mbili asubuhi wauguzi wanapokabidhiana zamu, mtu mwingine anaanza kazi. Mfanyausafi anakusanya mifuko ya taka, anabeba maboksi hadi kwenye kichomea taka, anakung'uta mashuka kabla ya kuyapeleka kwa dobi. Sindano iliyosahauliwa kwenye godoro inamsubiri yeye, na yeye hatajua ni ya mgonjwa gani, hivyo hakuna damu ya kupima na hakuna cha kumtuliza. Wengi wa watu hawa wameajiriwa na kampuni za usafi zenye mkataba na hospitali, na siku ya chanjo orodha inayosomwa ni ya watumishi wa hospitali. Mkataba wa usafi unaotaja idadi ya mafagio na lita za dawa ya sakafu unaweza kutaja pia dozi tatu za chanjo, glavu nene za kubebea taka, viatu vilivyofunikwa, na haki ya kupata PEP katika hospitali ile ile anayoisafisha. Kwa damu iliyomwagika sakafuni, afundishwe kuifunika kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa klorini ya asilimia 0.5 na kusubiri dakika kumi, kabla ya kuifuta, maana fagio hurusha matone.

Nje ya geti, ndugu wa mzazi amepokea ndoo yenye kanga zilizolowa damu ya uzazi. Atapanda nayo daladala hadi Mbagala au Gongo la Mboto, na huko atazifua kwa mikono mitupu, pengine akiwa na kidonda cha kisu cha jikoni kwenye kidole. Hakuna aliyemwambia chochote. Mkunga anaweza kumwambia kwa dakika moja wakati wa kumkabidhi: dada, vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna glavu, loweka kwanza kwenye maji ya jiki, kisha ndipo ufue.